Utesaji, si mateso tu

Magazeti huandika kwamba mhamiaji anapinga kurudishwa kwao "kwa kuhofia mateso". Mahakamani neno hilo ni pana mno. Njaa ni mateso, maradhi ni mateso, na washairi wetu hata mapenzi wameyaita hivyo. Utesaji una mtesaji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1984 dhidi ya utesaji unamtaja: ni ofisa wa serikali, au mwingine anayeumiza kwa makusudi huku ofisa akiridhia.

Nchini Marekani, anayeomba ulinzi chini ya mkataba huo hutakiwa kuthibitisha kuwa uwezekano wa kuteswa akirudishwa unazidi nusu. Juni 1, 2020, katika shauri la raia wa Lebanon aliyekuwa na hatia ya jinai, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba mahakama za rufaa zaweza kupitia hata ukweli wa madai ya utesaji, si hoja za sheria pekee. Mapitio hayo ni finyu, lakini ni haki kubwa kwa anayengoja kupandishwa ndege.

Kwa kuwa utesaji lazima uwe na mtesaji, mkalimani wa mahakamani akisikia "nilipigwa", amwombe hakimu ruhusa ya kuuliza: na nani? Kauli ya kutendwa humficha askari, na askari huyo ndiye kesi yenyewe.