Padri wa kijiji na namba ya Padri Mersenne

Sisi tuliopita katika seminari tunakumbuka namna Mutakatifu Augustino, katika De Civitate Dei, alivyoisifu namba 6. Vigawanyo vyake ni 1, 2 na 3. Ukiviunganisha, unapata 6 yenyewe. Ndiyo inayoitwa namba kamili. Ile inayoifuata ni 28. Euclides, Mugreki wa kale, alionyesha njia ya kuzipata. Zidisha 2 mara 2 mara 2, unapata 8. Toa 1, inabaki 7. Na kwa sababu 7 haigawanyiki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, basi 4 mara 7 ni 28, namba kamili.

Lakini si kila mara inayobaki inakataa kugawanyika. Mwaka 1644, kule Paris, Padri Marin Mersenne, mutawa wa Waminimi, aliandika orodha yake: tuandike 2 mara 2, ao 3, ao 5, ao 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127, 257, kisha tutoe 1. Hizi tu, alisema, mpaka 257. Hakuonyesha alivyozijua, na watu walimwamini kwa heshima ya jina lake.

Sasa tutazame 61, asiyoitaja. Ukizidisha 2 mara 61 na kutoa 1, unapata 2.305.843.009.213.693.951. Nani atajua kama inagawanyika? Inajulikana kwamba kila kigawanyo chake lazima kipite kwa moja mafungu ya 122. Hata hivyo, vya kujaribu ni zaidi ya milioni 12. Mutu akijaribu kimoja kila dakika, usiku na mchana, bila kula wala kusali, atamaliza baada ya miaka zaidi ya 23!

Aliyeshinda kazi hiyo ni Ivan Pervushin, padri wa Waortodoksi katika kijiji cha Zamaraevo, mbali sana na vyuo vikubwa vya Urusi. Mwaka 1883 alijulisha Akademi ya Sayansi ya Saint-Petersburg kwamba namba hiyo haigawanyiki. Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na karatasi, wino na subira. Miaka 239 ilikuwa imepita tangu orodha ya Mersenne. Mwaka 1886 Mudachi Seelhoff naye alifika palepale kwa njia yake.

Wengine walimutetea Mersenne: eti ni kosa la muchapaji, 61 ikawa 67. Kweli 67 ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka 1876, mikononi mwa Mufaransa Édouard Lucas. Sisi hatuwezi kukubali utetezi huo upesi. Maana 89 na 107 nazo zilikosekana katika orodha, na 257 iliwekwa bure. Muchapaji mumoja hakosei mara nyingi hivyo. Orodha yote ilipata kusahihishwa mwaka 1947, na Pervushin alikuwa amekufa tangu 1900.