Safari ya Insulini: Kutoka Toronto hadi Mtungini Marungu

Leo nazungumza nawe ambaye mtoto wako amepimwa juzijuzi akakutwa na kisukari cha aina ya kwanza. Najua swali lililo moyoni mwako: nilimkosea nini mwanangu? Hukumkosea. Si sukari ya chai, wala si jicho la jirani. Kinga ya mwili wake imeishambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, na bila insulini mwili hauwezi kutumia sukari.

Zamani ugonjwa huu haukuwa na dawa. Huko Marekani daktari mmoja mashuhuri, Frederick Allen, aliwapunguzia watoto chakula mno ili sukari isipande. Walikonda wakabaki ngozi na mifupa, wakasogeza siku kidogo tu. Hebu fikiria mama anayekatazwa kumpa mwanawe uji.

Mwaka 1921, mjini Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata insulini kutoka kongosho za mbwa, katika maabara ya Profesa John Macleod. Tarehe 11 Januari 1922 alidungwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa na kilo 29 hivi. Haikumfaa, kwani dawa ilikuwa na uchafu. Mwenzao James Collip akaisafisha, na tarehe 23 mwezi huo huo mtoto akadungwa tena. Sukari ikashuka. Leonard aliishi hadi 1935, akafariki kwa homa ya mapafu. Wavumbuzi waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki zao kwa dola moja moja, ili dawa ipatikane kwa wengi. (Bei za madukani leo, mama, hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.)

Tatizo letu Marungu ni joto. Mama mmoja alinieleza kwamba chupa ya mwanawe ilikaa kwenye friji ya duka, mwendo wa nusu saa. Siku duka likifungwa, mtoto hakudungwa. Jambo hilo ni la hatari kuliko joto lenyewe. Mtoto akikosa insulini siku moja au mbili anaweza kupoteza fahamu na kufa.

Wataalamu wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba kwenye kambi ya Dadaab, hapa hapa Kenya, wakaliiga maabarani. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, insulini ilidumu wiki nne ikiwa na nguvu karibu sawa na ya friji.

Kwa hiyo chupa ambazo hazijafunguliwa ziombee nafasi kwenye friji ya zahanati. Ile ya kutumia ikae nyumbani. Chukua mtungi mkubwa, weka mdogo ndani yake, katikati jaza mchanga na uumwagilie maji kila siku. Chupa ikae kwenye mtungi wa ndani, pakavu, ufunikwe kwa kitambaa kilicholowa. Weka kivulini penye upepo. Hewa yetu kavu husaidia. Kule Mombasa kwenye unyevu mtungi haupoi hivyo. Usiiweke kwenye barafu, ikiganda imeharibika. Andika tarehe uliyoifungua, na wiki nne zikitimia chukua nyingine.

Mtoto akiugua na kukataa chakula, usiache sindano kwa uamuzi wako. Mlete siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.