Nani hayupo kwenye picha ya ziwa?

Najua wengi mko kwenye presha ya mitihani, hata mimi, ila leo kuna jambo linanikereketa na lazima nilitoe.

Mnazijua zile picha za rangi za maji za Uingereza, enzi ya Malkia Victoria (1837–1901)? Ziwa limetulia kama kioo, miti mikubwa imelizunguka, bata wawili wanaelea, na kwa mbali jumba la kabaila linachungulia. Watu hamna. Ukiitazama unasema Mungu fundi!

Kumbe fundi mara nyingi alikuwa binadamu, tena wa kulipwa. Maarufu kuliko wote ni Lancelot Brown (1716–1783). Huyu alikuwa anaziba kijito kwa tuta, wafanyakazi wanashindilia udongo wa mfinyanzi uliolowa ili maji yasipenye, halafu miti inapandwa kuficha kingo. Miaka hamsini baadaye, miti ikishakua, nani atajua kwamba pale palikuwa bonde tu?

Sasa tuulize kama watu wa historia: hela ilitoka wapi, na nani aliondolewa?

Tuanze na Milton Abbas, kule Dorset. Palikuwa na mji mdogo wenye soko, uitwao Middleton. Kabaila mwenye eneo, Joseph Damer, akaona uko karibu mno na jumba lake. Miaka ya 1770 na 1780 mji ukabomolewa, watu wakahamishiwa kijiji kipya bondeni, nyumba zimefanana kama sare za shule. Zile nyumba zipo mpaka leo, watalii wanazipiga picha. Na kwenye bonde lile Damer akawa na bustani na ziwa.

Twende Harewood, Yorkshire. Jumba lilijengwa kuanzia mwaka 1759 na Edwin Lascelles, na Brown akamtengenezea ziwa. Familia hii ilitajirikia kwenye sukari na biashara ya West Indies, yaani kwenye jasho la Waafrika waliofanywa watumwa. Uingereza ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia. Fidia kwa nani? Kwa wenye watumwa, jamani! Earl wa Harewood wa wakati huo alipata zaidi ya pauni 26,000 kwa watu zaidi ya 1,200. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti.

Victoria anakalia kiti mwaka 1837, wino wa fidia haujakauka vizuri. Muda si mrefu, miaka ya 1840, rangi zinaanza kuuzwa kwenye vityubu vya bati, kwa hiyo kubeba vifaa mpaka ukingoni mwa ziwa kukawa rahisi. Mabinti wa familia zenye uwezo walifundishwa kuchora kama sehemu ya malezi. Malkia mwenyewe alichora, na mwaka 1846 alifundishwa na Edward Lear. Na ufundi wa rangi ya maji uko hivi: ule mng'ao juu ya ziwa mara nyingi si rangi, ni karatasi tupu iliyoachwa bila kuguswa.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Kwenye picha hizi, kilichoachwa nacho kina kazi. Sisemi mchoraji alikuwa mwongo. Alichora alichokiona, na alichokiona kilikuwa kimeshasafishwa kabla hajazaliwa: mji umeondoka, tuta limefichwa, na miwa iko ng'ambo ya bahari.

Kwa hiyo sisi tutakaoshika chaki, tusimwonyeshe mwanafunzi picha kama pambo la kitabu. Tumuulize: nani alichimba? Nani alilipa? Nani hayupo? Na msidhani ni chuki ya Mwafrika tu. Mwaka 2023 Earl wa Harewood, David Lascelles, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kundi la Heirs of Slavery, la watu ambao mababu zao walinufaika na utumwa. Kama wenye ziwa wenyewe wanasema, sisi tunanyamaza kwa nini?

Picha ni nzuri, sikatai. Mi naipenda kabisa. Ila uzuri nao una risiti, na kazi yetu ni kuiomba.

Nawasilisha. Mnasemaje?