Kutoka Daka hadi Ruta: Nani Huamua Kiingiacho Nyumbani

Nyumba ya mawe ya Mji wa Kale wa Mombasa haikujengwa ili mpita njia aone hadi uani. Ukifuata Ndia Kuu au ukakata vichochoro vya Kibokoni, unakuta baraza za mawe mbele ya nyumba, kisha daka, yaani ukumbi wa mlangoni, kisha mlango mzito wa kuchonga. Hapo ndipo mgeni hupiga hodi na kungoja aitikiwe. Bei za bidhaa, habari za vyombo vilivyotia nanga, hata porojo, vilimalizikia barazani. Kilichopita mlango kilipita kwa idhini, na idhini hiyo ilikuwa ya nyumba nzima. Nashikilia kwamba desturi hiyo ndiyo iliyovunjwa na simu ya mkononi, na kwamba simu hiyo hiyo, ikishachakaa, yaweza kuirudisha.

Asidhani mtu kwamba Mombasa ilikuwa mji wa kujifungia. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari uliiunganisha na Unguja mwaka 1890, na kupitia Unguja na Aden ukaifikisha Ulaya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, na humo aliwahimiza Waislamu wa pwani wachukue elimu na bidii ya kazi kutoka kwa wageni huku wakipima mienendo ipi waiache. Aliitaka jamii ichague, na kuchagua si kukataa. Baadaye redio ya Sauti ya Mvita ilisikika majumbani, na redio, kama televisheni iliyoifuata, ilikaa sebuleni. Tangazo la sabuni au la sigara lilisikiwa na bibi, baba na mjukuu kwa pamoja, na yeyote aliyeudhika aliweza kuinuka akazima. Sebule ilikuwa daka la pili.

Mwaka 2009 mambo yalibadilika. Mkonga wa intaneti wa chini ya bahari, TEAMS, uliwasili Mombasa mwezi wa Juni, na SEACOM ukaanza kazi Julai; miaka michache baadaye intaneti ya kasi ilikuwa mfukoni mwa kijana. Tangazo likaacha kupitia sebuleni. Sasa linamfuata mtoto chumbani, limeandaliwa kwa ajili yake peke yake kutokana na alichokitafuta jana, nalo linakula bando lililonunuliwa na mzazi. Serikali yenyewe imeuona ubaya huu: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya data ya mtoto kutumiwa, na mwezi wa Aprili 2025 bodi ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Lakini sheria haikai mlangoni pa mtu.

Kinachoweza kukaa mlangoni ni ile simu yenye kioo kilichopasuka iliyosahauliwa kabatini. Kila kifaa kinapofungua ukurasa, kwanza huuliza jina la tovuti lina nambari gani. Utaratibu huo ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Programu kama Pi-hole, na AdGuard Home iliyotoka 2018, hushika zamu ya kujibu maswali hayo: likija jina lililo katika orodha ya wauza matangazo, jibu ni 0.0.0.0, na tangazo halipakuliwi kabisa. Ruta ikielekezwa kwa simu hiyo, kila aliye kwenye wifi ya nyumbani analindwa bila kusakinisha chochote. Kazi yenyewe ni nyepesi kwa simu ya miaka kumi iliyopita, na betri yake huivusha pale umeme unapokatika. Ugumu uko penginepo: Android huzuia programu za kawaida kusikiliza mlango nambari 53 ambamo maswali hayo hupita, kwa hiyo fundi hulazimika kufungua ruhusa za ndani za simu au kuweka mfumo mwingine, kama postmarketOS, mradi ulioanza 2017 kwa ajili ya simu kuukuu. Na betri inayochajiwa mchana na usiku katika joto la Mombasa huvimba. Ikianza kuinua mfuniko wa nyuma, izimwe na itolewe.

Yuko atakayesema naipamba desturi iliyokuwa na dhuluma ndani yake. Ana haki. Kuta zile zilitegemea kazi ya watumwa, ambao hadhi yao ya kisheria haikufutwa katika pwani ya Kenya hadi 1907, na mara nyingi aliyeamua nani aingie alikuwa mwanamume mmoja. Baba anayeweka orodha kwa siri na kuchungulia tovuti anazozisoma mkewe anaurithi ubaya huo, kwa kuwa programu hizi huonyesha pia kila jina lililoulizwa. Hilo halifuti haki ya nyumba kuwa na mlango. Linadai kwamba orodha ijulikane na wote, na kumbukumbu za maswali zizimwe. Mwingine atasema magazeti hula kwa matangazo. Kweli, na gazeti unalolithamini unaweza kuliruhusu kwa jina. Kizuizi hiki pia hakiyafikii matangazo ya YouTube, yanayokuja kwa njia moja na video zenyewe, wala hakimlindi mtoto akitoka nje na bando lake.

Pamoja na mapungufu hayo, nyumba ya leo inahitaji pa kusimamisha mgeni. Basi kabla simu ile haijaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mpelekee fundi aikague betri, kisha kaeni nyote, watoto wakiwemo, mkubaliane nani apite na nani abaki nje.