Kifafa cha Mahenge Kizuiwe Mtoni

Mahenge, mkoani Morogoro, inajulikana kwa kifafa tangu miaka ya 1960, pale daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwei alipowatibu wagonjwa wengi na kuandika habari za watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mfululizo bila kuweza kujizuia. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, kurithi ikiwemo. Leo ushahidi unatuelekeza kwenye usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi.

Ushahidi wenye uzito zaidi umetoka Kameruni. Mwaka 2017 watafiti waliwatafuta watu waliopimwa usubi wakiwa watoto mwaka 1991 na 1992. Kadiri ngozi ya mtoto ilivyokuwa na minyoo wachanga wengi, ndivyo uwezekano wake wa kupata kifafa ulivyokuwa mkubwa. Minyoo walihesabiwa kwanza, kifafa kikafuata; kwa hiyo ni vigumu kudai kwamba ni umaskini wa wenye kifafa tu uliowafanya waumwe zaidi na inzi.

Wapo wanaotaka tusubiri hadi ijulikane mnyoo anaudhuru vipi ubongo. Watafiti wamegundua kingamwili zinazoshambulia protini ya leiomodini-1, iliyomo pia katika seli za neva, lakini si kila mgonjwa anazo. Swali hilo ni zito, ila halitoi ruhusa ya kungoja. Kaskazini mwa Uganda, baada ya ivermektini, dawa ya usubi, kutolewa mara mbili kwa mwaka na mito kunyunyiziwa dawa ya kuua viluwiluwi vya inzi kuanzia mwaka 2012, wagonjwa wapya wa kuinamisha kichwa walipungua hadi karibu kukoma.

Mahenge kwenyewe, uchunguzi wa mwaka 2017, baada ya miaka 20 hivi ya kingatiba, ulikuta kifafa kwa asilimia 3.5 ya watu katika vijiji vya ndani, na asilimia 1.5 katika vile vilivyo karibu na mji. Kwa nini dawa haikutosha? Tazama fimbo ambayo mgawa dawa huitumia kupima urefu. Mtoto asiyefikia sentimita 90 hapewi kidonge, ilhali inzi haulizi urefu wa mtu. Ivermektini huwaua minyoo wachanga. Wakubwa huishi zaidi ya miaka 10, wakizaa upya kati ya dozi na dozi. Ndiyo maana uamuzi wa mwaka 2019 wa kutoa dawa mara mbili kwa mwaka katika vijiji hivyo ulikuwa sahihi, na kufyeka majani yanayoning'inia majini, ambako viluwiluwi hujishikiza, kunastahili bajeti ya kudumu.

Kinachoniuma ni kuona mpango wa usubi na kliniki ya kifafa vikiendeshwa kama mambo mawili yasiyojuana. Mgawa dawa hufika kila kaya, nyingine zikiwa na mtoto aliyeungua kwa kuanguka motoni na asiyewahi kupewa hata fenobabitoni, dawa ya bei nafuu. Daftari lake lina safu ya urefu na ya vidonge. Iongezwe safu ya kifafa, na jina likiandikwa humo lifike zahanati wiki hiyohiyo.