TOLEO LA 1000 LA SUPERMAN: KICHUPI KILIRUDI, LAKINI UNAYAJUA MAJINA YALIYOWAHI KUFUTWA?

Aprili 18, 2018 jarida la katuni la Action Comics, lile lililomleta Superman duniani, lilitoa toleo lake la 1000. Hakuna jarida lingine la mashujaa kule Marekani lililokuwa limewahi kufika namba hiyo. Kurasa 80, bei dola 7.99, na majalada ya aina nyingi ili kila shabiki abebe la kwake. Tarehe nayo haikuja kwa bahati. Ilikuwa imetimia miaka 80 kamili tangu toleo la kwanza liingie mtaani Aprili 18, 1938, enzi hizo likiuzwa senti 10.

Kilichozungumzwa kuliko vyote ni kichupi. Ndiyo, kile kichupi chekundu anachokivaa juu ya suruali! Mwaka 2011 kampuni ilimvua ili aonekane wa kisasa, na mashabiki wakalalamika miaka yote iliyofuata. Toleo la 1000 likamrudishia, watu wakafurahi kama timu yao imesawazisha dakika ya 90.

Lakini humo ndani kuna mstari mfupi wa herufi ndogo ambao wengi huwa wanauruka. Unasema kwamba Superman ameundwa na Jerry Siegel na Joe Shuster. Mstari huo una historia nzito kuliko kichupi, kwa sababu kuna kipindi cha karibu miaka 28 ambapo haukuwepo kabisa.

WASHKAJI WAWILI WA CLEVELAND

Siegel na Shuster wote walizaliwa mwaka 1914, kwenye familia za Kiyahudi zilizotoka Ulaya kutafuta maisha. Siegel alizaliwa Cleveland, Ohio. Shuster alizaliwa Toronto, Kanada, akahamia Cleveland akiwa bado mdogo. Wakakutana sekondari ya Glenville. Mmoja anaandika, mwingine anachora, wote wapole, miwani usoni, na wasichana hawana habari nao. Ukiona Clark Kent alivyo, mtu wa miwani anayedharauliwa kumbe ana makubwa ndani, ujue hakuokotwa mbali.

Mwaka 1932 baba yake Siegel, ambaye alikuwa na duka la nguo, alifariki wakati wa tukio la wizi dukani kwake. Mwaka uliofuata vijana hao wakatoa hadithi yenye jina la Superman, ila huyo wa kwanza alikuwa mtu mbaya. Baadaye wakambadilisha akawa mtetezi wa wanyonge, mtu ambaye risasi haimuingii. Wapo wanaoona kivuli cha yule mzee hapo.

Basi wakaanza kuzunguka na kazi yao. Wakaipeleka huku, ikakataliwa. Wakaipeleka kule, ikakataliwa. Miaka ikapita.

DOLA 130 TU

Mwaka 1938 kampuni iliyokuwa inaanzisha Action Comics ilihitaji hadithi ya kujazia jarida. Superman akachukuliwa: kurasa 13, kila ukurasa dola 10, jumla dola 130. Hundi iliandikwa Machi 1, 1938 ikiwa na dola 412, kwa sababu ilijumlisha na kazi zao nyingine. Na unaambiwa hata majina yao kwenye hundi hiyo yalikosewa herufi!

Wakasaini. Kwa saini hiyo Superman akawa mali ya kampuni, yeye na kila kitakachotokana naye. Wao walikuwa na miaka 23.

Ukweli usemwe, miaka ya mwanzo hawakulala njaa. Waliendelea kuandika na kuchora na walilipwa vizuri tu. Shida ni kwamba Superman alipaa haraka sana. Mwaka 1940 akaingia redioni, 1941 akaingia kwenye filamu za katuni, midoli ikauzwa, na mkwanja mrefu ukaenda kwa mwenye hati. Waliomzaa walibaki vibarua wa mtoto wao wenyewe.

Mwaka 1947 wakaenda mahakamani. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka uliofuata: walipewa takribani dola 94,000 na kutakiwa kuachana na madai yote. Kazi ikaishia hapo, na majina yao yakaondolewa. Kuanzia hapo mtoto wa kitaa aliyenunua Superman hakuwa na namna ya kujua katoka kichwani mwa nani.

BARUA ILIYOAMSHA WATU

Miaka ya 70 hali ilikuwa mbaya. Shuster, mchoraji, macho yake yalikuwa yamekaribia kuzima kabisa. Siegel alikuwa karani wa kawaida Los Angeles. Mwaka 1975, baada ya kusikia kwamba Superman anatengenezewa filamu ya mamilioni, Siegel akaandika barua ndefu yenye uchungu, akaisambaza kwenye vyombo vya habari.

Wachoraji wenzao Jerry Robinson na Neal Adams wakasimama nao, wakapiga kelele magazetini na kwenye televisheni. Hawakudai hela tu, walidai na majina yarudi. Desemba 1975 kampuni ikakubali: dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mmoja, pamoja na ule mstari mdogo kurudishwa. Filamu ilipotoka mwaka 1978, majina ya washkaji wa Glenville yalionekana kwenye skrini kubwa.

Shuster alifariki 1992, Siegel akafuata 1996. Hakuna aliyeliona toleo la 1000.

GARI LA KIJANI LARUDI

Ndani ya toleo hilo kuna hadithi moja tamu sana. Jalada la mwaka 1938 linamuonyesha Superman amenyanyua gari la kijani na kulibamiza kwenye mwamba huku watu wakikimbia. Miaka 80 baadaye, Geoff Johns na Richard Donner, huyo huyo aliyeongoza filamu ya 1978, wakaandika kuhusu mwenye gari: ikawaje kwake baada ya siku ile? Yaani mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake, naye akapewa kurasa zake.

Ile hundi ya mwaka 1938 ilipigwa mnada mwaka 2012 ikauzwa dola 160,000. Karatasi tu, imezidi zaidi ya mara elfu moja walicholipwa kwa shujaa mwenyewe. Na Aprili 2024 nakala moja ya toleo la kwanza iliuzwa dola milioni 6.

Kichupi kilikosekana miaka saba, dunia nzima ikapiga kelele. Majina ya waliomuumba yalikosekana karibu miaka 28, na waliopiga kelele walihesabika.

Haya, ungekuwa wewe: una miaka 23, umekataliwa kila mlango, mfukoni huna kitu, na hundi iko mezani. Ungesaini au ungeondoka?