Goti Lililoteguka: Jinsi Matabibu Walivyojifunza Kupima Kano

Katika lugha yetu neno kuteguka limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mchezaji aliyekanyaga shimo akapinda kifundo cha mguu ameteguka. Aliyeumia kidole cha kipa ameteguka. Na yule aliyekatika kano ndani ya goti, ambaye pengine hatacheza tena, naye ameteguka. Hata neno kano lina maana mbili: nyuzi ngumu zinazounga msuli na mfupa, na zile zinazounga mfupa na mfupa. Makala haya yahusu hizi za pili, na hasa moja iliyo katikati ya goti. Miongoni mwetu tunaokutana mwaka hata mwaka wamo wanaoshuka ngazi wakishika ukuta. Wengi wao waliambiwa ujanani kwamba wameteguka tu, wakakandwa kwa maji ya moto, na baada ya majuma mawili wakarudi uwanjani.

Ndani ya goti zimo kano mbili zinazopishana kama msalaba. Ile ya mbele huuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele chini ya mfupa wa paja, tena hulizuia goti lisijizungushe kupita kiasi. Mara nyingi hukatika bila ya mchezaji kuguswa na mtu: anakimbia, anasimama ghafla, anageuka huku unyayo umekwama katika nyasi. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya pili aliyewatibu wapiganaji wa mapanga mjini Pergamon, alikwisha kuziandika kano hizi. Lakini kujua kwamba kitu kipo ni jambo moja, na kujua kwamba kimekatika ndani ya goti lililofungwa kwa ngozi na nyama ni jambo jingine.

Hatua ya kwanza kubwa ilikuwa ya kusikiliza. Mwaka 1845 Amédée Bonnet, daktari wa upasuaji wa mji wa Lyon, Ufaransa, alitoa kitabu juu ya maradhi ya viungo. Alieleza kwamba ikiwa mfupa haukuvunjika, dalili za kano iliyokatika ni mlio unaosikika wakati wa kuumia, damu kujaa ndani ya goti, na mguu kushindwa kazi yake. Dalili hizo hazijapitwa na wakati. Goti lenye kano iliyokatika huvimba upesi, katika saa chache za mwanzo, kwa kuwa ni damu inayolijaza. Goti linalovimba kesho yake aghalabu lina jambo jingine. Kwa hiyo swali la saa ngapi uvimbe ulianza ni kipimo, wala haligharimu hata senti.

Hatua ya pili ilikuwa ya mikono, na hapa ndipo historia inapostaajabisha. Mwaka 1875 Mgiriki mmoja, Georges Noulis, alitoa tasnifu ya udaktari mjini Paris juu ya kuteguka kwa goti. Alieleza hivi: mguu ukunjwe kidogo tu, paja lishikwe kwa mkono mmoja, muundi ushikwe kwa mkono wa pili, dole gumba mbele na vidole nyuma, kisha uvutwe mbele na kusukumwa nyuma. Muundi ukija mbele kuliko kawaida, kano ya mbele imekatika. Kipimo hakihitaji chombo chochote.

Miaka minne baadaye, mwaka 1879, Paul Segond wa Paris alizungusha magoti ya maiti kwa nguvu, akakuta kano ikikatika na kipande kidogo cha mfupa kikibanduka upande wa nje wa muundi. Kipande hicho hata leo huitwa kwa jina lake. Tazama basi: alikiona miaka 16 kabla ya Wilhelm Röntgen kuvumbua eksirei mwaka 1895. Siku hizi daktari akikiona katika picha huishuku kano mara moja, ila wagonjwa wengi waliokatika kano hawanacho. Kwa maoni yangu, eksirei, pamoja na faida zake kubwa, imewapoteza wengi. Eksirei huonyesha mfupa, kano haionekani. Mwanafunzi huambiwa picha ni safi, naye hudhani goti ni safi.

Kwa miaka mingi kipimo kilichotumika zaidi kilikuwa cha kulikunja goti nyuzi 90 na kuuvuta muundi kama mtu avutaye mtoto wa meza. Kina kasoro. Goti lililovimba halikunjiki kiasi hicho, na misuli ya nyuma ya paja hukaza kwa maumivu ikauzuia mfupa usisogee. Ndipo mwaka 1976 Joseph Torg wa Philadelphia, Marekani, alipochapisha kipimo cha mwalimu wake John Lachman, ambacho goti hukunjwa nyuzi 20 hadi 30 tu. Kilisifiwa kama kipya, na hadi leo chaitwa kipimo cha Lachman. Mwaka 1992 makala katika jarida moja la Marekani la tiba ya michezo yalikumbusha kwamba Noulis alikwisha kukieleza. Karne nzima ilipita, na tasnifu imo maktabani!

Vyombo navyo viliendelea. Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia ndani ya goti la maiti kwa mrija mwaka 1918, na mwanafunzi wake Masaki Watanabe akaendeleza kazi hiyo. Katika miaka ya 1980 mashine za MRI, zinazotumia sumaku, zikaanza kuonyesha kano yenyewe. Lakini picha hizo ni ghali, na kwa shule nyingi za kwetu ziko mbali. Mikono iko karibu.

Kwenu mnaocheza sasa: mwenzenu akianguka, msimkande wala msimvute. Mkumbuke alisikia mlio au la, aligeuka vipi, na goti lilivimba saa ngapi, mkamweleze tabibu. Mwombeni alipime kwa mkono hata kama eksirei haina kitu, akianza na goti zima ili apate cha kulinganisha. Misuli ikikaza siku ya kwanza kipimo chaweza kudanganya; arudiwe baada ya wiki moja au mbili, uvimbe ukipungua. Goti linaloregea na kumwangusha mtu kila anapogeuka lisirudi uwanjani, kwani kila likiteleza husaga zile gegedu mbili za umbo la mwezi mwandamo zilizo kati ya mifupa, na gegedu zikisagika hazirudi.